Mwanga waweza kufichua vitamini zilizo ndani ya maziwa

Mimina maziwa katika kikombe kisha uyatazame. Utaona weupe wake, utaona povu, na ukiyanusa utajua kama chombo kilifukizwa moshi vizuri. Lakini vitamini zilizomo hutaziona. Kikombe chenye vitamini nyingi na kikombe kisicho nazo hufanana kama mapacha.

Kwa mama wa Rapsu, katika wadi ya Kinna, kaunti ya Isiolo, jambo hili si la kitabuni. Rapsu ni mahali ambapo mashamba ya kunyunyizia maji yamepakana na malisho ya mifugo. Wapo wanaolima mahindi na nyanya, na wapo wanaotegemea ng'ombe, mbuzi na ngamia. Mtoto aliyekwisha kuachishwa ziwa aghalabu hutegemea maziwa kuliko chakula kingine chochote. Je, maziwa hayo yanampa kila kitu mwili wake unachohitaji?

Wataalamu sasa wanavyo vifaa vidogo vinavyoweza kujibu sehemu ya swali hilo kwa kutumia mwanga. Makala haya yanaeleza vifaa hivyo hufanyaje kazi, vinaweza kutuambia nini, na ni mambo gani ambayo mzazi anaweza kuyafanya leo hii bila kuwa na kifaa chochote.

MAZIWA YOTE SI SAWA

Kati ya mwisho wa mwaka 2020 na mwaka 2022, mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo katika Kenya kaskazini. Ng'ombe walikufa kwa wingi. Ngamia, ambaye hustahimili kiu na hula majani ya miti, alionyesha tena kwa nini familia nyingi za wafugaji ambazo zamani zilijulikana kwa ng'ombe zimekuwa zikimgeukia.

Mabadiliko hayo yana maana katika lishe. Mwaka 1992, Zakaria Farah na wenzake walichapisha matokeo ya vipimo vya vitamini katika maziwa ya ngamia. Waligundua kwamba maziwa hayo yana vitamini C nyingi zaidi ya maziwa ya ng'ombe, takriban mara tatu au zaidi. Hiyo ni neema kubwa mahali ambapo matunda ni adimu. Lakini walipopima vitamini A na vitamini B2, iitwayo riboflavini, waliona kuwa maziwa ya ngamia yana kiasi kidogo kuliko ya ng'ombe.

Kwa hivyo familia iliyobadilisha ng'ombe kwa ngamia imepata kitu na imepoteza kitu. Kikombe ni kilekile, na weupe ni uleule, bali yaliyomo yamebadilika.

Ukosefu wa vitamini A si jambo la kupuuza. Mtoto huanza kwa kushindwa kuona giza linapoingia. Baadaye macho hukauka na huweza kupofuka. Tena kinga ya mwili hudhoofika hata kabla ya macho kuonyesha dalili. Mwaka 1986, Alfred Sommer na wenzake walitangaza kutoka Aceh, Indonesia, kwamba vifo vya watoto waliopewa vitamini A vilipungua kwa asilimia 34 vikilinganishwa na vya watoto ambao hawakupewa. Tangu hapo vitamini hii haihesabiwi tena kuwa ya macho peke yake.

KUTOKA MAABARA HADI KIGANJANI

Kwa miaka mingi, aliyetaka kujua kiasi cha vitamini katika maziwa hakuwa na budi kuyapeleka maabara. Mwaka 1926, wataalamu wawili wa Uingereza, Carr na Price, walieleza njia ya kuchanganya kitu chenye vitamini A na kemikali fulani hadi rangi ya samawati itokee. Rangi ikikolea, vitamini ni nyingi. Rangi ikififia, ni chache.

Baadaye ikaja mitambo mikubwa inayozitenganisha kemikali za chakula moja moja ndani ya mrija mwembamba na kuzipima kila moja peke yake. Mitambo hiyo ndiyo inayoaminiwa zaidi hadi leo. Lakini bei yake ni mamilioni ya shilingi, huhitaji umeme usiokatika, dawa za bei ghali, na fundi aliyesomea kazi hiyo. Maziwa ya Rapsu hayana budi kufungwa katika barafu, kufichwa mwanga, na kusafirishwa hadi Nairobi. Barafu ikiyeyuka njiani, kinachopimwa Nairobi si kile kilichotoka Rapsu.

Ndiyo maana wataalamu wakajiuliza: badala ya kuyapeleka maziwa kwenye mtambo, kwa nini tusiupeleke mtambo kwenye maziwa?

MWANGA HUJUAJE?

Ili tuelewe jibu lao, tukumbuke kwamba mwanga tunaouona ni mchanganyiko wa rangi nyingi, kama upinde wa mvua unavyotuonyesha. Kila rangi ina urefu wake wa wimbi, unaopimwa kwa nanometa. Nanometa moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Bluu ina nanometa 450 hivi, kijani 530, na nyekundu 650. Chini ya nanometa 400 ipo miali ambayo jicho haliioni, iitwayo urujuanimno.

Vitamini hukutana na mwanga kwa njia mbili.

Njia ya kwanza ni kumeza. Kila vitamini humeza mwanga wa urefu fulani wa wimbi na kuuacha mwingine upite. Karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, humeza bluu, ndiyo maana karoti na papai huonekana na rangi ya machungwa. Vitamini B12 ni nyekundu kwa sababu humeza kijani. Vitamini C humeza urujuanimno wa nanometa 265 hivi, na kwa kuwa jicho halioni miali hiyo, sisi huiona kama haina rangi.

Kanuni ya kupima ni nyepesi. Angaza upande mmoja wa kichupa, kisha upime mwanga uliotokea upande wa pili. Kadiri vitamini inavyozidi kuwa nyingi, ndivyo mwanga unaopita unavyopungua. Kanuni hiyo hujulikana kwa majina ya Lambert na Beer, wanasayansi wa karne ya 18 na ya 19.

Njia ya pili ni kung'aa. Baadhi ya vitamini humeza mwanga wa rangi moja na papo hapo kuutoa ukiwa na rangi nyingine. Riboflavini ikiangaziwa kwa bluu hutoa kijani cha kumetameta. Vitamini A ikiangaziwa kwa urujuanimno wa nanometa 325 hivi hung'aa kwa rangi iliyo baina ya bluu na kijani. Wataalamu huiita hali hii fluoresensi. Ni njia yenye makali kuliko ile ya kwanza, kwa kuwa kuona mng'ao mdogo gizani ni rahisi kuliko kuona upungufu mdogo wa mwanga mwingi.

JARIBIO LA NYUMBANI

Msomaji anaweza kujionea mwenyewe. Chukua tembe moja ya vitamini B ya mchanganyiko, ile ya manjano, uisage na kuikoroga katika glasi ya maji. Kisha omba duka la jirani wakuazime taa ya zambarau wanayotumia kukagua noti bandia. Zima taa nyingine, uangaze glasi. Maji yatang'aa manjano iliyochanganyika na kijani. Hiyo ni riboflavini.

Tahadhari: usiielekeze taa hiyo machoni pako wala pa mtoto, na usiyanywe maji hayo baada ya jaribio.

Riboflavini ndiyo inayoyapa maji ya mtindi uliokatika ile rangi ya manjano iliyoelekea kijani. Aliyewahi kuchuja maziwa mgando ameiona, ingawa pengine hakujua jina lake.

VITAMBUZI VIDOGO

Katika jaribio letu, jicho ndilo kitambuzi. Lakini jicho halijui kuhesabu. Litasema "kinang'aa sana" au "kinang'aa kidogo", basi. Kifaa cha kupimia hutumia sehemu tatu badala yake: kitaa kidogo cha kuangaza, kichujio kinachoruhusu rangi moja tu ipite, na kipande cha silikoni kinachogeuza mwanga kuwa umeme. Umeme ukiongezeka, tarakimu kwenye kioo huongezeka.

Sehemu hizo tatu zimekuwa ndogo kupita kiasi. Kampuni ya ams ya Austria hutengeneza kitambuzi kiitwacho AS7341 ambacho kina upana wa milimita 2 na urefu wa milimita 3 hivi, yaani kinakaa juu ya punje ya mahindi na nafasi ikabaki. Ndani yake mna vichujio vya rangi nane za mwanga unaoonekana, kila kimoja na jicho lake. Kipande kama hicho hakikutengenezwa kwa ajili ya vitamini hasa, lakini kinawarahisishia mafundi kazi ya kubuni vipimo vya bei nafuu.

Tayari vipo vifaa vya kubebeka vinavyotumika nje ya maabara. Kampuni ya BioAnalyt ya Ujerumani hutengeneza vifaa viitwavyo iCheck. Kimoja hupima vitamini A katika maziwa kwa njia ya mng'ao, na kingine hupima vitamini A katika mafuta ya kupikia kwa njia ya rangi. Mpimaji huvuta nusu mililita ya maziwa kwa sindano, huidunga katika kichupa chenye dawa, hukitikisa, hukiacha kitulie, kisha hukiweka ndani ya kifaa. Majibu hutoka baada ya dakika chache. Kifaa hutumia betri na hushikika mkononi.

Nchini Marekani, katika Chuo Kikuu cha Cornell, David Erickson na wenzake walitumia kamera ya simu badala ya kitambuzi maalumu. Mwaka 2014 walieleza jinsi ya kupima vitamini D kwa simu, na mwaka 2017 wakaeleza kipimo cha haraka cha upungufu wa vitamini A na madini ya chuma kwa tone la damu.

MAZIWA YA MAMA

Pengine faida kubwa ya vipimo hivi haiko katika maziwa ya ngamia bali katika maziwa ya mama. Vitamini A iliyomo katika maziwa ya mama huonyesha hali ya mama mwenyewe, na pia huonyesha mtoto anapata nini. Wataalamu wa lishe huona kuwa maziwa ya mama yakiwa na chini ya maikrogramu 300 hivi za vitamini A kwa lita, mtoto yumo katika hatari ya kupungukiwa.

Mama wengi hawapendi mtoto achomwe sindano, na si ajabu. Lakini kukamua matone machache ya maziwa ndani ya kichupa hakumtishi mtu. Kifaa cha kubebeka chaweza kumwambia mhudumu, siku hiyo hiyo na mahali hapo hapo, kama kina mama wa eneo fulani wanahitaji kusaidiwa. Ieleweke kwamba kipimo cha mama mmoja siku moja hakitoshi kuamua mambo, kwa kuwa vitamini A huandamana na mafuta, na mafuta katika maziwa ya mama huongezeka kadiri mtoto anavyoendelea kunyonya. Tone la mwanzo na tone la mwisho si sawa.

MAFUTA YA KUPIMA

Tangu mwaka 2012, sheria ya Kenya inawataka watengenezaji waongeze vitamini A katika mafuta ya kupikia, na vitamini na madini katika unga wa mahindi na wa ngano. Huu ni ulinzi mzuri kwa mtoto ambaye hapati maziwa ya kutosha. Lakini vitamini A ina adui mkubwa, naye ni mwanga wenyewe.

Fikiria mafuta yaliyotoka kiwandani yakiwa na kipimo kamili. Yanasafirishwa katika mtungi hadi dukani. Mwenye duka anayagawa katika chupa ndogo zisizo na rangi na kuzipanga nje ili wateja wazione. Jua la Isiolo linazipiga asubuhi hadi jioni. Mwanga ule ule ambao kifaa hutumia kuitambua vitamini ndio unaoivunja, tofauti ikiwa ni kwamba kifaa huangaza kwa nukta chache, na jua huangaza mchana kutwa. Mafuta yatabaki na rangi yake na ladha yake, lakini vitamini itakuwa inapungua siku baada ya siku.

Mambo ni yayo hayo kwa maziwa. Maziwa yaliyoachwa juani katika chupa inayopitisha mwanga huweza kupoteza nusu ya riboflavini yake au zaidi kwa saa chache. Hapa wazee walikuwa na busara. Vyombo vya asili vya Waborana, vilivyofumwa kwa nyuzi za mimea na kufukizwa moshi, havipitishi mwanga. Wengi wameviacha wakachukua mitungi na chupa za plastiki. Plastiki ni nyepesi na haivunjiki, ni kweli, lakini iliyo nyeupe inayoangaza huacha mlango wazi kwa jua.

MIPAKA YA VIFAA HIVI

Isidhaniwe kwamba mwanga unajua kila kitu. Kwanza, maziwa si maji. Yamejaa chembe za mafuta na protini zinazoutawanya mwanga kama ukungu unavyotawanya taa za gari. Ndiyo maana kifaa huhitaji dawa ya kuitoa vitamini ndani ya maziwa kabla ya kuipima.

Pili, vitu tofauti huweza kumeza rangi moja. Karotini na riboflavini zote mbili humeza bluu, na kifaa duni kitazichanganya. Tatu, kila kifaa lazima kilinganishwe na kipimo kinachojulikana, kama vile mizani ya sokoni inavyokaguliwa kwa mawe ya serikali. Kifaa kisichokaguliwa hutoa tarakimu zinazopendeza macho tu. Nne, dawa za vichupa huisha na huharibika, na kifaa bila vichupa ni mzigo.

Tena, vitamini iliyo katika kikombe si vitamini iliyo mwilini. Mtoto mwenye minyoo au anayehara kila mara huweza kunywa maziwa mazuri na bado akapungukiwa.

Jambo la mwisho ni la hatari zaidi. Kifaa kinachopima vitamini hakioni vijidudu. Maziwa yaweza kuwa na vitamini C tele na wakati huo huo yakawa na vijidudu vya bruselosi, ugonjwa unaoleta homa za kurudiarudia, jasho la usiku na maumivu ya viungo, na ambao huambukizwa kwa kunywa maziwa mabichi. Wapo wanaosema kuchemsha kunaua vitamini. Ni kweli kwamba vitamini C hupungua kwa moto. Lakini hesabu iko wazi: gramu 100 za papai lililoiva zina miligramu 60 hivi za vitamini C, ilhali glasi ya maziwa ya ngamia haizidi sana miligramu 10. Kipande cha papai kutoka shamba la jirani kitafidia kilichopotea jikoni mara nyingi. Hakuna tunda linaloweza kufidia bruselosi.

LA KUFANYA LEO

Wakati vifaa hivi bado havijafika kila zahanati, mzazi anaweza kufanya yafuatayo:

Chemsha maziwa ya ng'ombe, mbuzi na ngamia kabla ya kumpa mtoto, kisha uyafunike na kuyaweka mahali pa giza.

Nunua mafuta ya kupikia yaliyofungwa kiwandani ukiweza. Ukinunua ya kupima, chagua duka linaloyaweka ndani, kivulini. Ukifika nyumbani, usiyaweke dirishani.

Mpe mtoto mboga za kijani, papai, malenge au viazi vitamu vyenye nyama ya rangi ya machungwa, pamoja na mafuta kidogo, kwani vitamini A haiingii mwilini vizuri pasipo mafuta. Maini, hata kidogo, yana vitamini A nyingi mno. Mama mjamzito asiyale mara kwa mara, na asimeze tembe za vitamini A bila ushauri wa daktari, kwani ikizidi humdhuru mtoto tumboni.

Mpeleke mtoto akapewe matone ya vitamini A kila baada ya miezi sita, tangu anapotimiza miezi sita hadi afikie miaka mitano. Kidonge cha rangi ya samawati, chenye uniti 100,000, ni cha walio na miezi 6 hadi 11. Chekundu, chenye uniti 200,000, ni cha walio na mwaka mmoja na zaidi. Huduma hii hutolewa katika vituo vya afya, na wiki za Malezi Bora mwezi wa Mei na Novemba huwakumbusha wazazi. Hifadhi kadi ya kliniki ili asipewe mara mbili.

Ukiona mtoto anajikwaa magharibi ilhali wenzake wanakimbia, au ana madoa meupe kama povu kwenye jicho, usingoje. Mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo. Ufizi unaotoka damu na pembe za mdomo zilizopasuka pia ni dalili za kumwonyesha mhudumu.

Siku itafika ambapo mhudumu wa afya wa kijiji atatoa kifaa mfukoni, atie matone ya maziwa, na kumwambia mama kilichomo kabla chai haijachemka. Hadi siku hiyo, maziwa ya mtoto na yawekwe kivulini.